Maswali ya Wasomaji: Kosa la Oedipus Ni Lipi Hasa?

Makala yetu juu ya Poetika, kile kitabu kidogo ambamo Aristotle (384–322 KK) anaeleza tanzia ni nini na hutungwa vipi, imetuletea barua ambazo nyingi zinazunguka jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu mengi katika nadharia ya tanzia yanategemea jibu lake.

SWALI: Ndugu Mhariri, tulifundishwa kwamba kila mhusika mkuu wa tanzia ana dosari katika tabia yake, na kwamba dosari hiyo ndiyo inayomwangusha. Dosari ya Oedipus, mhusika mkuu wa tamthilia ya Sophocles, tuliambiwa ni kiburi, na mtihani ulitutaka tuitaje. Je, ndivyo Aristotle alivyosema? – Mwanafunzi wa fasihi

JIBU: Hakusema hivyo, ndugu yangu, wala sikulaumu wewe au walimu wako, kwa sababu fundisho hilo limezagaa katika vitabu vya lugha nyingi hata limekuwa kama sehemu ya maandishi yenyewe. Neno alilotumia Aristotle katika sura ya 13 ni hamartia, ambalo asili yake ni kitenzi kilichotumika tangu enzi za Homer kwa mpiganaji aliyerusha mkuki ukapita pembeni ya aliyelengwa. Sisi tunaotumia Kiswahili hatuna haja ya kuhangaika na neno hili, maana lugha yetu imepita njia ile ile: mwindaji hukosa shabaha, msafiri hukosa njia, mgeni hubisha hodi akamkosa mwenyeji wake, na kutokana na kitenzi hicho hicho tukapata jina kosa. Dosari ni kitu kingine. Dosari, kama ilivyo ila au kasoro, hukaa ndani ya kitu hata kisipofanya lolote. Kioo chenye ufa kina dosari hata kikiwa kimefunikwa. Kosa halipo mpaka mtu atende. Ni kweli kwamba baadaye, katika Kigiriki cha Agano Jipya, hamartia lilikuwa neno la kawaida la dhambi, na msomaji anayeifikia Poetika akiwa na maana hiyo kichwani huanza mara moja kutafuta doa katika roho ya Oedipus. Lakini Aristotle aliandika karne kadhaa kabla ya hapo.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu Aristotle mwenyewe anasema wazi katika sura ya 6 kwamba tanzia si mwigo wa watu bali ni mwigo wa matendo na maisha, na kwamba msuko wa matukio ndio roho ya tanzia, huku tabia za wahusika zikishika nafasi ya pili. Anatoa mfano wa uchoraji: anayepaka rangi nzuri kabisa bila mpango hatufurahishi kama yule aliyechora umbo tupu kwa rangi nyeupe. Ingekuwa ajabu kwa mtu anayefikiri hivyo kuichukua sababu ya anguko lote na kuifungia ndani ya tabia.

Sasa tazama anavyolifikia neno lenyewe. Anauliza ni mtu gani ambaye anguko lake litatutia huruma na hofu. Mtu mwema kabisa akitolewa kwenye neema na kuangamizwa, hatuoni huruma wala hofu, tunachukizwa. Mwovu akitoka kwenye dhiki akaneemeka, hapo hakuna hata chembe ya tanzia. Mwovu mkubwa akianguka, tunaridhika, lakini kuridhika si huruma, kwa kuwa huruma humwendea asiyestahili mateso, na hofu hutujia tunapomwona anayeteseka kuwa ni mtu kama sisi. Anayebaki ni mtu wa katikati, asiyepita wenzake kwa wema na uadilifu, mwenye jina kubwa na hali nzuri, ambaye hakuangushwa na uovu bali na hamartia fulani. Na mifano anayoitaja ni Oedipus na Thyestes. Kama hamartia ingekuwa ubaya wa tabia, hoja hiyo ingejipinga yenyewe pale pale ilipo.

Kuna mahali pengine panapotusaidia. Katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anatenga namna ambazo mtu humdhuru mwenzake. Dhara likitokea kinyume na lolote ambalo mtu angeweza kutazamia, hiyo ni ajali, nasi husema ajali haina kinga na mazungumzo yakaishia hapo. Likitokea kwa namna ambayo ingeweza kutazamiwa, ila mtendaji hakuwa na ubaya moyoni, hilo ni kosa. Akitenda kwa kujua, basi ametenda dhuluma. Tanzia anayoipenda Aristotle inaishi katika lile la katikati, mahali ambapo mkono uliotenda ni wa mtu mwenyewe, nia ilikuwa safi, na ujuzi ulipungua.

Oedipus amekulia Korintho akijua kwamba yeye ni mwana wa Polybus, mfalme wa huko. Siku moja mlevi karamuni anamtupia neno kwamba si mtoto halisi wa baba yake. Anakwenda Delphi, kwenye hekalu la utabiri, kuuliza. Hajibiwi alichouliza, bali anaambiwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Basi anafanya jambo ambalo mtu yeyote anayewapenda wazazi wake angelifanya: anawakimbia wale anaowajua kuwa wazazi wake, na njia anayoishika inampeleka Thebes, kwa wale waliomzaa: mfalme Laius, ambaye anamuua njia panda bila kumjua, na Jocasta, mjane wa Laius, ambaye anamwoa. Ametupa mkuki kwa nia njema na kwa mkono imara, nao umempata asiyelengwa.

Isome polepole sehemu ambayo Aristotle anaitaja katika sura ya 11. Mjumbe mzee anafika Thebes kutoka Korintho na habari kwamba Polybus amefariki. Oedipus anapumua: baba amekufa na mkono wake haukumgusa. Bado anaogopa habari ya mama. Mjumbe, kwa kutaka kumwondolea hofu hiyo na pengine kupata bakshishi, anamwambia asihangaike, kwani Polybus hakuwa baba yake. Ni yeye mjumbe aliyempokea akiwa mtoto mchanga kwenye mlima Cithaeron, kutoka kwa mchungaji wa mfalme Laius, vifundo vyake vya miguu vikiwa vimetobolewa. Neno lililokusudiwa kumtuliza ndilo linalomwangamiza, na mpinduko huo wa mambo Aristotle anauita peripetia. Lakini mimi kila nisomapo humtazama Jocasta. Amesimama pale pale. Amesikia habari ya Laius, amesikia habari ya vifundo, na ameelewa kabla ya mumewe. Anamsihi aache kuuliza, kwanza kama anayelipuuza jambo lenyewe, kisha kwa uchungu usiofichika, halafu anaingia ndani. Oedipus anadhani mkewe anaona haya kwamba huenda ameolewa na mtoto wa mtumwa. Hata hapo anakosa shabaha. Muda mfupi baadaye mchungaji wa zamani wa Laius analetwa, anasema yuko ukingoni mwa neno la kutisha, na Oedipus anamjibu kwamba naye yuko ukingoni mwa kulisikia, lakini hana budi kulisikia.

Huo ndio utambuzi, kutoka kutojua hadi kujua, na Aristotle anaona kwamba utambuzi ulio bora ni ule unaokuja pamoja na mpinduko, kama hapa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika tamthilia hii mjukuu huyo anazaliwa mbele ya macho yetu.

Na kiburi, je? Korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani, inaimba juu ya kiburi, kweli. Lakini ukijibu mtihani kwa kusema kwamba Oedipus aliangushwa nacho, utatakiwa ueleze ni kwa vipi mtu mnyenyekevu, mwenye habari zile zile alizokuwa nazo Oedipus, angeliepuka.

SWALI: Mheshimiwa Mwandishi, nimefundisha tamthilia kwa miaka mingi, na naona katika makala yako ulimtetea Oedipus kupita kiasi. Mtu aliyeambiwa na mungu kwamba atamuua baba yake angeapa asimnyanyulie mkono mwanamume yeyote anayemzidi umri, na angechunguza mara mbili kabla ya kumwoa mjane. Aliua watu njia panda kwa hasira. Kama hiyo si dosari, ni nini? – Mwalimu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hoja yako ni nzito, na hasira ya Oedipus hakuna awezaye kuikana; anamfokea Tiresias, kipofu mtabiri, na anakaribia kumuua shemeji yake Creon kwa shuku tupu. Naomba tu tuisikilize tena habari ya njia panda kama yeye mwenyewe anavyomsimulia Jocasta. Alikuwa anatembea kwa miguu peke yake. Gari la farasi likaja likimkabili, na mtangulizi wa gari pamoja na mzee aliyepanda ndani wakataka kumtoa barabarani kwa nguvu. Akampiga yule aliyekuwa akimsukuma. Mzee akavizia mpaka alipopita ubavuni mwa gari, akamchapa kichwani kwa mchokoo wa kuswagia farasi. Ndipo Oedipus akampiga kwa fimbo yake, na baada ya hapo akawaua wote, au ndivyo alivyodhani. Alilipiza kupita kiasi, na yeye mwenyewe anakiri kwamba mzee alilipa zaidi ya alichokopesha, ila aliyeanza si yeye. Na katika tamthilia nyingine ya Sophocles, ile inayomwonyesha akiwa mzee kule Colonus, anajitetea kwa hoja hiyo hiyo, kwamba alishambuliwa na hakumjua aliyemshambulia.

Jambo linalonishawishi zaidi ni kwamba ndani ya tamthilia hakuna mtu, si Creon wala korasi, anayesimama kusema kwamba msiba huu umetokana na hasira ile. Tena watu wenye hasira ni wengi mno duniani, na hawaoi mama zao. Hasira inaeleza kwa nini mtu fulani aliuawa njiani siku hiyo. Haielezi kwa nini aliyeuawa alikuwa baba. Linaloeleza ni kutojua. Ndiyo maana naisoma hasira ya Oedipus kama sehemu ya ule ukati na kati wake: inamshusha kutoka kwenye ukamilifu, inamfanya afanane nasi, na kwa sababu hiyo tunamwogopea.

Ukitaka tanzia ambayo fundisho la dosari linaifaa, tunayo. Macbeth wa Shakespeare anamjua Duncan ni nani: ni mfalme wake, jamaa yake na mgeni wake, na kabla ya kutenda anajiambia waziwazi kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa ya makuu. Wahakiki waliolelewa na Shakespeare walirudi kwa Sophocles wakitafuta kitu cha namna hiyo, wakakipata kwa sababu walikuwa wamekwenda nacho. Sisemi kwamba tanzia ya Macbeth ni duni. Nasema ni ya aina nyingine, na haikuwa mbele ya macho ya Aristotle alipoandika sura ya 13.

SWALI: Naandika tamthilia yangu ya kwanza. Nimeambiwa kwamba kwa kanuni za Aristotle lazima mambo yote yatokee siku moja na mahali pamoja. Yangu inachukua miaka kumi na miji miwili. Niichane? – Mtunzi chipukizi

JIBU: Usiichane. Umoja ambao Aristotle anaudai kwa nguvu ni mmoja tu, umoja wa tendo: matukio yashikane kiasi kwamba ukilihamisha au kuliondoa moja, zima lote lionekane limeharibika. Kuhusu muda anasema tu, katika sura ya 5, kwamba tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua au kuupita kidogo, na hayo ni maelezo ya desturi aliyoiona. Kuhusu mahali hakuweka kanuni yoyote. Kanuni tatu zilizofungwa pamoja ni kazi ya wafasiri wa Italia wa karne ya 16, hasa Lodovico Castelvetro katika kitabu chake cha 1570, na baadaye Wafaransa walizishika kwa ukali uliomletea Pierre Corneille taabu kubwa baada ya tamthilia yake Le Cid kuonyeshwa mwaka 1637. Hata Aeschylus, mtunzi wa tanzia wa Kigiriki, hakuzifuata: katika Eumenides tunaanzia Delphi na kuishia Athens. Jiulize swali gumu zaidi, ambalo Aristotle angekuuliza kweli: je, mambo ya miaka yako kumi yanazaana, au yanafuatana tu? Anasema katika sura ya 8 kwamba hadithi haiwi moja kwa sababu tu inamhusu mtu mmoja, na nimeona tamthilia nyingi, zenye siku moja na chumba kimoja, zikianguka kwenye kipimo hicho.

SWALI: Sielewi kwa nini mtu atoke kwake kwa hiari kwenda kulia juu ya mateso ya watu ambao hawajapata kuwapo. Naona Plato alikuwa na haki kuwafukuza washairi. Hiyo katharisi wanayoisifu ni kitu gani, na inamfaa nani? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Umeuliza swali ambalo Aristotle aliishi nalo tangu ujana, kwa sababu aliingia katika Akademia ya Plato akiwa na umri wa miaka 17 na akakaa hapo kama miaka 20. Shtaka la Plato katika kitabu cha kumi cha Jamhuri linastahili kusikilizwa kwa heshima. Anasema kwamba hata walio bora miongoni mwetu, wakimsikia shujaa wa Homer au wa tanzia akiomboleza, hufurahia na kujiachia, na humsifu mshairi aliyewatia hali hiyo. Ilhali msiba ukiwafika wenyewe hujivunia kuvumilia. Tunachokizuia nyumbani tunakilisha ukumbini, na kilichopaswa kukauka kinamwagiliwa maji. Huo si upuuzi. Na Plato hakufunga mlango kwa kitasa: aliwaalika wapenzi wa ushairi waje wautetee kwa lugha ya nathari, waonyeshe kwamba una manufaa pamoja na utamu.

Mimi naisoma Poetika kama jibu la mwaliko huo. Kwa bahati mbaya neno unalouliza, ambalo maana yake ya kawaida ni usafishaji, limo katika fasili ya tanzia, sura ya 6, bila ufafanuzi wowote: tanzia, kwa njia ya huruma na hofu, hukamilisha katharisi ya hisia za namna hiyo. Katika kitabu cha nane cha Siasa Aristotle anaahidi kwamba atalieleza neno hili kwa uwazi zaidi atakapozungumzia ushairi, na maelezo hayo hayamo katika maandishi tuliyo nayo. Pengo hilo limejazwa kwa namna nyingi. Lessing, mhakiki wa Kijerumani, katika karne ya 18, alilichukua kama kugeuza hisia ziwe wema, kwa kupunguza zilizozidi na kuongeza zilizopungua. Jacob Bernays, mwanazuoni wa Kijerumani, mwaka 1857 alilichukua kitabibu, kama dawa inayosafisha tumbo, na wengi walimfuata, wakikumbuka kwamba baba yake Aristotle alikuwa tabibu.

Sikubaliani na Bernays, na sababu yangu iko katika Retorika, ambamo Aristotle anaifasili huruma kuwa ni maumivu tunayoyapata kwa kuona baya likimfika asiyelistahili, baya ambalo sisi au walio wetu tungeweza kufikwa nalo. Hebu tazama ni mambo mangapi yamo ndani ya huruma hiyo: kuna kupima stahili ya mtu, kuna kujilinganisha naye, kuna kukumbuka kwamba dunia inaweza kutugeukia. Huruma ya namna hii ina akili ndani yake. Uchafu hutolewa, kitu chenye hukumu ndani yake huhitaji kunyooshwa na kuwekwa wazi, na hiyo ndiyo maana ya katharisi ninayoielekea.

Kuhusu kulia kwa hiari, Aristotle anatumia kisa ambacho Herodotus anakisimulia juu ya Psammenitus, mfalme wa Misri aliyeshindwa na Cambyses wa Uajemi mwaka 525 KK (jina la mfalme Aristotle analitaja tofauti). Mfalme aliyetekwa anaketishwa nje ya mji. Binti yake anapitishwa mbele yake akiwa amevikwa nguo za kijakazi na kutumwa maji. Baba anainamisha uso. Mwanawe anapitishwa akipelekwa kuuawa, kamba shingoni na lijamu kinywani. Baba anainamisha uso tena, bila chozi. Kisha anapita rafiki yake wa zamani, mzee aliyekuwa akila naye mezani, sasa akiomba chochote kwa askari, na hapo mfalme anaangua kilio na kujipiga kichwa. Alipoulizwa, alijibu kwamba misiba ya nyumba yake ilikuwa mikubwa kupita machozi. Aristotle anaongeza kwamba kilichompata mtoto kilikuwa cha kutisha, cha rafiki kilikuwa cha kuhurumiwa. Msiba ulio karibu mno hunyamazisha; huruma inahitaji hatua chache za umbali.

Waathene walilijua jambo hili kwa kuumizwa. Baada ya Waajemi kuuteka mji wa Miletus, jamaa za Waathene, mwaka 494 KK, mtunzi Phrynichus aliuweka msiba huo jukwaani. Ukumbi mzima ukalia, naye akatozwa faini ya drakma 1,000 na tamthilia yake ikapigwa marufuku. Mwaka 472 KK Aeschylus alionyesha vita vile vile kati ya Wagiriki na Waajemi, lakini akalihamishia jukwaa Susa, katika jumba la adui, na Waathene, ambao mji wao ulikuwa umechomwa moto miaka minane tu kabla, wakamtazama mama wa mfalme aliyeuchoma akingojea habari za mwanawe. Tamthilia hiyo ilipewa tuzo ya kwanza. Mtu aliyelia siku ile hakuwa anamwagilia udhaifu, kwa maoni yangu. Alikuwa anapima stahili ya mateso ya adui yake, na sijui ni shule gani ingemfundisha hilo kwa siku moja.

SWALI: Nimesoma kwamba Ibn Rushd aliieleza tanzia kuwa ni ushairi wa kusifu. Msomi mkubwa namna hiyo alikosaje? Na kwa kuwa kwetu neno tanzia ni habari ya kifo, je, tanzia ni lazima iishe kwa kifo? – Msomaji mwingine

JIBU: Ibn Rushd (1126–1198) hakujua Kigiriki, na hakuwa na ukumbi wa michezo mbele yake. Alichokuwa nacho ni tafsiri ya Kiarabu ya Poetika iliyofanywa katika karne ya 10 na Abu Bishr Matta ibn Yunus, aliyefariki mwaka 940, ambaye naye alifasiri kutoka Kisiria. Matta aliita tanzia madihi, yaani ushairi wa sifa, na futuhi akaiita hija, ushairi wa kukashifu, kwa sababu hizo ndizo aina alizozijua. Ibn Rushd alifanya kazi ya akili nyingi juu ya msingi uliopinda, na ufafanuzi wake ulipotafsiriwa kwa Kilatini na Hermannus Alemannus mwaka 1256, ulisomwa Ulaya kuliko tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kigiriki iliyofanywa na William wa Moerbeke mwaka 1278.

Hata hivyo msomi huyo aliona jambo ambalo wengi wenye Kigiriki chao hawakuliona. Akitafuta mfano wa maneno yanayotia huzuni na hofu kwa kiwango cha juu kabisa, alitaja kisa cha Ibrahim kuamriwa kumchinja mwanawe. Hakuna anayekufa katika kisa hicho. Kuna kisu, kuna baba, kuna mtoto, na kuna tendo lililozuiwa, na hapo Ibn Rushd yuko karibu sana na sura ya 14, ambamo Aristotle anasema kwamba mambo ya kutisha hasa ni yale yanayotokea kati ya wapendanao: ndugu kwa ndugu, mwana kwa baba, mama kwa mwana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Philoctetes ya Sophocles haina kifo, na katika Iphigenia kule Tauris, ya Euripides, dada anamtambua kaka ambaye yeye dada alikuwa karibu kumtoa kafara, na wote wawili wanaokoka. Aristotle anatutatiza hapa, sina budi kukiri, maana katika sura ya 13 anasifu tanzia inayoishia kwenye msiba, na katika sura ya 14 anasema iliyo bora ni ile ambamo mtu yuko tayari kutenda bila kujua, akatambua kabla ya kutenda. Wahakiki wameshindana sana juu ya hilo. Mimi naona sura ya 13 inazungumzia msuko mzima na sura ya 14 tukio moja, ingawa sidai kwamba hilo linafuta ugumu wote. Katika sura zote mbili kinachotafutwa ni kile kile, mkono ulionyanyuliwa bila kujua.

Mfano anaouweka mbele katika sura ya 14 ni Cresphontes, tamthilia ya Euripides ambayo tumebakiwa na vipande vyake tu. Merope anaamini kwamba kijana aliyelala mbele yake ndiye aliyemuua mwanawe, kumbe ndiye mwanawe mwenyewe, naye ananyanyua shoka. Aristotle alimkumbuka mama huyu hata katika kitabu chake cha maadili, kama mfano wa mtu anayetenda kwa kutomjua anayemtendea. Na Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 400 baada ya kifo cha Aristotle, anasema kwamba Merope alipofika hapo ukumbi ulitaharuki na watazamaji wakasimama, kwa hofu kwamba shoka lingeshuka kabla ya yule mzee anayemzuia kuwahi kumshika mkono.